Umbali na Muda wa Ndege kati ya Tanga na Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ndiyo tunayoulizwa mara nyingi zaidi hapa Tanga, mezani tunapokata tiketi, na mengi yanatoka kwa watu wanaosafiri kwa ndege kwa mara ya kwanza. Tumeyajibu kwa kirefu pale ambapo jibu fupi limewahi kumpotosha abiria, kwa sababu kilomita zinazoonekana katika simu na saa anazozitumia mtu njiani ni mambo mawili ambayo hayalingani kila wakati.

Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kilomita ngapi?

Kwa mstari ulionyooka, kutoka kiwanja cha ndege cha Tanga hadi Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, ni takribani kilomita 198. Kwa barabara kuu inayopita Muheza, Segera na Chalinze, ni takribani kilomita 350.

Tofauti hiyo ndiyo inayozua ubishi mwingi. Mtu mmoja anasema mia mbili, mwingine anasema mia tatu na hamsini, na wote wawili wana haki, ila kila mmoja anapima njia yake. Zaidi ya hapo, programu za ramani hazianzii mahali pamoja: ipo inayopima kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji, nayo itakupa karibu kilomita 195, na ipo inayotumia maili za nchi kavu, nayo itakuandikia 123. Ukikuta 107, hizo ni maili za bahari, kipimo wanachotumia marubani na manahodha.

Umbali wa angani hupimwaje, na mtu anaweza kuuhakiki mwenyewe?

Anaweza, tena kwa kalamu na karatasi, na kwa safari hii hesabu yake ni nyepesi kuliko safari nyingi, kwa sababu Dar es Salaam iko karibu kusini kabisa mwa Tanga. Kiwanja cha Tanga kiko kwenye latitudo ya nyuzi 5 na dakika 5 na nusu kusini mwa Ikweta, na kile cha Dar es Salaam kiko kwenye nyuzi 6 na takribani dakika 53. Ukitoa, unapata uzi mmoja na dakika 47, yaani dakika 107, kwa kuwa kila uzi una dakika 60.

Maili moja ya bahari iliwekwa kwa kufuata dakika moja ya latitudo. Kwa hiyo dakika 107 ni maili za bahari 107, na kila maili ya bahari ni kilomita 1.852, zidisha, utapata kilomita 198. Viwanja hivi viwili vinapishana kidogo tu kuelekea mashariki, kilomita 14 au 15, na mpishano huo hauongezi hata kilomita moja kamili kwenye urefu wa safari. Nimewahi kumwonyesha hesabu hii kijana wa sekondari aliyekuja kumchukulia bibi yake tiketi, akaimaliza mwenyewe nyuma ya risiti kabla sijafika mwisho wa maelezo.

Kwa nini barabara ni ndefu hivyo?

Kwa sababu haifuati pwani. Ukitoka Tanga unaelekea magharibi, kinyume kabisa na bahari, hadi Segera, mwendo wa karibu kilomita 70, na kwa wakati wote huo hujaanza kuikaribia Dar es Salaam kwa maana halisi. Ndipo unapogeuka kusini kupitia Kabuku, Mkata, Mto Wami na Msata hadi Chalinze, kisha unageuka tena mashariki kuirudia pwani. Wapo wenye magari binafsi wanaoiacha barabara kuu Msata na kukata kuelekea Bagamoyo, wakaingia Dar es Salaam kwa upande wa Bunju na Tegeta. Ipo pia njia ya pwani yenyewe, ya Pangani na Saadani, inayofupisha safari kwa kiasi kikubwa. Anayetaka kuitumia aulize hali yake kwa watu waliopita wiki hiyo, hasa wakati wa masika.

Ndege hutumia muda gani?

Ikiwa inaruka moja kwa moja bila kutua njiani, ni dakika 45 hadi 50. Ndege zinazohudumia Tanga kwa kawaida ni ndogo, zenye injini moja au mbili za mapanga, na ile inayojulikana zaidi, Cessna Caravan, hubeba abiria kumi na wawili hivi na kwenda mwendo wa takribani kilomita 300 kwa saa. Kwa mwendo huo kilomita 198 zingemalizika kwa dakika 40. Dakika zilizobaki ni za kutembea ardhini kuelekea mwanzo wa njia ya kurukia, kupanda polepole baada ya kuruka, kupunguza mwendo na kusubiri zamu ya kutua Dar es Salaam, ambako ndege ndogo hulazimika kupishana na ndege kubwa.

Mbona tiketi yangu inaonyesha karibu saa mbili?

Hili ndilo swali kubwa, na ndilo ningependa kila msafiri aliulize kabla ya kulipa. Ndege nyingi za Tanga haziendi moja kwa moja. Hupita visiwani, na kisiwa gani zinapita ndicho kinachoamua muda wako.

Chukua kwanza ndege inayotua Unguja peke yake. Kutoka Tanga hadi kiwanja cha Unguja ni takribani kilomita 126, na kutoka Unguja hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 73. Jumla ni 199. Yaani kutua Unguja hakuongezi umbali wowote wa maana, kwa sababu mstari ulionyooka kutoka Tanga hadi Dar es Salaam unapita baharini karibu kabisa na Mji Mkongwe. Kinachoongezeka ni muda wa ardhini: ndege inashuka, inasimama, abiria wanashuka na wengine wanapanda, mizigo inapangwa upya, inaruka tena. Ukihesabu dakika 15 hadi 20 za kusimama, safari nzima inafika saa moja na robo hivi.

Ndege inayopitia Pemba ni habari nyingine. Kutoka Tanga hadi kiwanja cha Pemba, kilicho karibu na Chake Chake, ni takribani kilomita 84, lakini ni kilomita 84 za kwenda mashariki, ilhali wewe unataka kwenda kusini. Kisha kuna kilomita 125 za kutoka Pemba hadi Unguja, halafu 73 za kumalizia. Jumla ni kilomita 282. Umezunguka zaidi ya kilomita 80, umetua mara mbili kabla ya kufika, na hapo ndipo dakika 50 zinapogeuka kuwa saa moja na dakika hamsini. Kwa mtu anayekwenda Pemba, kwa upande mwingine, hakuna njia iliyo bora kuliko hii: dakika 20 hadi 25 tu na umevuka mkondo.

Kwa hiyo usimuulize mkata tiketi, "Ndege inachukua muda gani?" Muulize, "Inatua wapi kabla ya kufika?"

Je, upepo hubadilisha muda wa safari?

Ndiyo, na watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa ndilo lililokuwa likiwaamulia manahodha wa majahazi siku ya kutweka tanga. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kati ya Desemba na Machi hivi, na kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam ni kwenda kusini. Basi wakati wa kaskazi ndege inasukumwa mgongoni, na wakati wa kusi inapambana na upepo usoni. Ukirudi Tanga, mambo yanapinduka.

Kwa hesabu: ndege ya mwendo wa kilomita 300 kwa saa ikikutana uso kwa uso na upepo wa kilomita 30 kwa saa, mwendo wake juu ya ardhi unabaki 270, na kilomita 198 zinahitaji dakika 44. Upepo huohuo ukiwa mgongoni, mwendo unafika 330, na dakika zinashuka hadi 36. Tofauti ni dakika 8. Kwa ndege kubwa inayokwenda mwendo wa kilomita 800 kwa saa, upepo huo usingeonekana katika safari fupi kama hii. Kwa ndege ndogo unaonekana. Dakika hizo si nyingi, lakini anayekwenda kuunganisha ndege nyingine azikumbuke. Wakati wa maleleji, pepo zinapobadilishana zamu, tofauti hiyo karibu inatoweka.

Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za Kiswahili?

Hapana. Tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24 unaoanza kuhesabu usiku wa manane, ilhali sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa 07:40 katika tiketi ni saa moja na dakika arobaini asubuhi. Saa 10:30 ni saa nne na nusu asubuhi. Saa 14:20 ni saa nane na dakika ishirini mchana. Kanuni ni moja: kwa saa za kuanzia 07:00 hadi 18:00 toa sita, na kilichobaki ndicho tunachokisema.

Naandika haya kwa uchungu, kwa sababu yalitupata nyumbani. Mama yangu mdogo alitakiwa kwenda Dar es Salaam kwenye arusi ya mwanawe, na tiketi iliandikwa 07:40. Tulioisoma ni watu wazima watatu, na wote tulisema saa saba na dakika arobaini mchana. Tulifika kiwanjani saa sita, yeye amevaa kanga mpya, kikapu cha machungwa ya Muheza kimeshonwa mdomo kwa kamba ya katani, tukakuta mlinzi peke yake akifagia majani kwenye baraza. Akatwambia kwa upole, "Mama, ndege imeshaondoka tangu asubuhi." Alipanda basi jioni ile na akafika usiku wa manane. Tangu siku hiyo kila tiketi ninayoitoa naandika saa ya Kiswahili kwa mkono, kwa kalamu nyekundu, pembeni ya ile iliyochapwa, na ningeomba kila anayekata tiketi afanye hivyo.

Naruhusiwa mzigo kiasi gani?

Kwa kawaida kilo 15, na katika ndege hizi ndogo mara nyingi huhesabiwa pamoja na mkoba wa mkononi. Sababu yake si ubahili. Ndege ya abiria kumi na wawili inahitaji mizani sawa kati ya watu, mizigo na mafuta, na njia ya kurukia ya Tanga si ndefu. Uzito ukizidi, rubani analazimika kuacha mizigo au kupunguza mafuta. Ndiyo maana pengine unaombwa upande kwenye mizani wewe mwenyewe. Wapo akina mama wanaoona aibu kupimwa mbele za watu, na nawaelewa, lakini kipimo hicho kinampa rubani namba anayoitumia kupanga nani akae mbele na nani akae nyuma.

Nikihesabu kila kitu, ndege inaokoa saa ngapi kuliko basi?

Hesabu kuanzia mlangoni kwako. Tuseme unakaa Ngamiani au Chumbageni. Kiwanja cha ndege hakiko mbali na mji, bajaji inakufikisha kwa dakika 15. Unatakiwa uwepo saa moja kabla ya kuruka. Ndege ya moja kwa moja ni dakika 50, kusubiri begi ni dakika 15. Umetumia saa mbili na dakika ishirini kufika nje ya kiwanja cha Dar es Salaam. Kwa ndege inayopitia Pemba, ongeza saa nzima, iwe saa tatu na dakika ishirini.

Basi linaondoka stendi ya Kange na kwa kawaida hutumia saa tano hadi sita, kwa kuwa mabasi hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa na kila kijiji kina kibao cha 50. Linakushusha Mbezi Luis, kwenye stendi ya Magufuli, nje ya mji. Ukijumlisha kwenda stendi na kutoka stendi, jumla ni saa saba hivi.

Ndege, basi, inakuokolea kati ya saa tatu na nusu na saa nne na nusu. Lakini angalia unakokwenda. Kama nyumba unayoifikia iko Mbezi au Kimara, basi linakushusha jirani, ilhali anayeshuka kiwanjani anaanza kupambana na foleni ya Barabara ya Nyerere na kuvuka mji mzima. Kwa mtu wa namna hiyo ambaye ndege yake inapitia Pemba, faida inaweza kubaki saa mbili tu, na kwa maoni yangu nauli ya ndege haistahili saa mbili isipokuwa una ugonjwa, mtoto mchanga au miadi isiyosubiri.

Je, kuna treni?

Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi na Arusha hupita Korogwe, haifiki Tanga mjini. Kwa mtu wa Korogwe ni njia nzuri. Kwa mtu wa Tanga haifupishi chochote.

Nikae upande gani wa ndege?

Ukielekea Dar es Salaam kwa ndege ya moja kwa moja, upande wa kulia unakuonyesha bara: mdomo wa Mto Pangani ukimwaga maji ya rangi ya udongo ndani ya bahari ya buluu, kisha ufuko wa Saadani, ambako hifadhi ya wanyama inafika hadi kwenye maji ya chumvi, na mbali zaidi Bagamoyo. Upande wa kushoto unakuonyesha Unguja. Ndege hizi haziruki juu sana, kwa hiyo siku isiyo na mawingu unaona hata ngalawa na alama nyeupe ya povu nyuma yake.

Nikiunganisha ndege nyingine Dar es Salaam, niache nafasi ya muda gani?

Usiache chini ya saa tatu kwa safari ya nje ya nchi, na saa mbili kwa safari ya ndani. Kiwanja cha Julius Nyerere kina majengo matatu ya abiria. Ndege ndogo kwa kawaida hutumia Jengo la Kwanza, ndege kubwa za ndani hutumia la Pili, na ndege za kimataifa hutumia la Tatu, lililofunguliwa mwaka 2019. Jengo la Kwanza na la Tatu hayashikani. Unahitaji gari kutoka moja hadi jingine, na ukifika unaanza ukaguzi upya. Kama tiketi zako mbili ni za mashirika tofauti, shirika la pili halina wajibu wa kukungoja hata kama la kwanza ndilo lililochelewa.

Naweza kuruka kutoka Tanga kwenda Mombasa au Mwanza?

Mombasa iko karibu sana, takribani kilomita 130 kwa mstari ulionyooka, karibu kuliko Dar es Salaam yenyewe, lakini watu wengi huenda kwa barabara kupitia mpaka wa Horohoro, ambao uko kilomita 65 hivi kutoka Tanga.

Mwanza ni kinyume chake. Kwa mstari ulionyooka kutoka Tanga ni karibu kilomita 740, ila abiria hupitia Dar es Salaam: kilomita 198 za kwenda kusini, kisha takribani 850 za kurudi kaskazini-magharibi. Utaruka zaidi ya kilomita 1,000, na siku yako karibu yote itakwisha. Kata tiketi ya ndege ya kwanza asubuhi.

Tuna mgonjwa aliyepewa rufaa kutoka Bombo kwenda Muhimbili. Ndege inafaa?

Mara nyingi inafaa kuliko saa sita za basi, lakini yapo mambo manne ya kuulizia mapema. Kwanza, daktari aandike barua inayosema mgonjwa anaweza kusafiri kwa ndege, na barua hiyo isiwe ya zamani. Pili, mwambieni daktari kwamba Caravan haina mfumo wa kudhibiti hewa ya ndani kama ndege kubwa. Inapopanda, hewa inapungua kidogo kwa kila aliyemo, na mwenye shida ya mapafu, moyo au upungufu mkubwa wa damu lazima daktari aliseme hilo waziwazi. Tatu, ndege hizi hazina choo, na ikiwa inapitia Pemba na Unguja, mgonjwa wa kisukari au wa kibofu atateseka. Mtafutieni ya moja kwa moja hata kama ni ya kesho yake.

La nne watu wengi hulisahau: mlango wa ndege hufikiwa kwa ngazi nyembamba ya vidaraja vichache, na ndani dari ni fupi, mtu mzima hawezi kusimama wima. Mgonjwa asiyeweza kupanda ngazi hata akishikwa mikono miwili hawezi kupakiwa kama abiria wa kawaida. Siku moja kabla ya safari, mpandisheni ngazi ya nyumbani, vidaraja vinne au vitano, mtu mmoja akiwa mbele yake na mwingine nyuma, muone kama anaweza. Akishindwa, njooni mtuambie siku hiyohiyo, tubadilishe tiketi kabla muda wa kurudishiwa nauli haujapita, nanyi mtafute gari la wagonjwa liondoke alfajiri, kabla malori hayajajaa kati ya Segera na Chalinze.